Kwa Nini Pijo Haliji Kesho

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, ambaye hakuna mtu wala mali iliyofichika machoni pake, nakuandikia wewe mwanangu Nekesa, uliyepewa jina la mama yangu, na ambaye kwa sababu hiyo nimekuita mama tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni. Nakusalimu kwa amani. Kupitia kwako namsalimu pia kijana Simiyu anayekungoja, pamoja na wazazi wake, ambao kuanzia kesho ni watu wetu.

Sitakuandikia namna ya kukaa na wakwe, wala saa ya kuamka, wala jinsi ya kumpokea mgeni asiyetarajiwa. Hayo mama yako amekwisha kukueleza, na shangazi zako wamo chumbani mwako sasa hivi wakikueleza upya, nawasikia wakicheka. Mimi nina jambo moja tu. Kesho asubuhi gari halitakuja. Lile Pijo 404 la rangi ya maziwa, ambalo baba yako mdogo Barasa aliahidi likupeleke kanisani, ambalo umewasimulia rafiki zako wote wa chuoni, na ambalo mpiga picha alikuja jana kuuliza litasimama upande gani wa mti ili jua lisiharibu picha zake, nimelikataa. Nimelikataa leo mchana kwa simu, bila kukuuliza, nikiwa nimesimama kando ya hema huku vijana wakipita na viti vichwani. Mama yako anajua. Amesema nikueleze mimi mwenyewe, na kwa kuwa mdomo wangu ukilianza jambo hili hupandwa na hasira isiyofaa usiku wa kuamkia harusi, nimeona ni heri nikae chini niandike.

Ulifurahi sana siku Barasa alipolileta hapa Kiminini ulione. Nami nilifurahi, sitakuficha. Lilikuwa limepakwa rangi upya, viti vimeshonwa upya, na injini inanguruma kwa adabu. Wewe ulizunguka nyuma kutazama taa zake. Mimi nikaingia ndani, nikaketi kiti cha nyuma, mahali mama yangu alipokuwa akiketi. Hapo ndipo nilipokiona. Mbele, juu ya dashibodi, Barasa alikuwa amepigilia kibao cha shaba kilichochorwa vizuri, kikisema kwamba gari hili lilinunuliwa jipya mjini Kitale na Mzee Wanjala, mkulima mashuhuri, mmiliki wake wa kwanza na wa pekee, na kwamba limebaki katika ukoo wake hadi leo.

Nilikisoma, nikatoka garini, nikala chakula pamoja na Barasa, na hata nikaliombea gari lile lisipate ajali. Sikusema neno. Sikutaka kukukatia furaha, na nilijiambia kwamba kibao ni kipande cha shaba tu. Lakini nilipokwenda kulala, kile kipande cha shaba nilikuwa nimelala nacho kifuani.

Mzee Wanjala, baba yake Barasa, alikuwa mdogo wa baba yangu. Alikuwa na shamba dogo la mahindi kule Kabuchai ambalo mtu angeweza kulizunguka kabla chai yake haijapoa, na hakuwahi hata siku moja kununua gari. Gari lilikuwa la nyanya yako. Alikuwa mjane, alikuwa akinunua maharagwe na mahindi Misikhu na kuyauza Kitale, na alilinunua gari lile jipya kabisa, kwa mali yake, katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wanjala alikuwa dereva wake.

Mimi nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ambalo sikulijua ni jinsi jina la Wanjala lilivyoingia katika kitabu cha gari. Mama aliponunua gari nilikuwa shule ya bweni. Nilipokua na kuuliza, alisema tu, "Ni mambo ya dukani," akaendelea kupepeta. Basi nikajijazia mwenyewe. Nikaamini kwamba baba mdogo alimlaghai shemeji yake kwa kuwa mama hakujua kusoma. Nilimsalimu mtu yule miaka yote kwa mkono usio na joto. Nilimzika nikiwa bado namshuku.

Baada ya kukisoma kibao nikaamua kufuata njia ya gari lile kuanzia lilipotoka. Ulidhani safari zangu za Kitale mwezi uliopita zilikuwa za kutafuta hema na sufuria. Baadhi zilikuwa za hayo.

Barasa alikuwa amenirahisishia mwanzo bila kujua. Alikuwa ameleta mtaalamu kutoka Nairobi, kijana mmoja wa wale wanaopenda magari ya kale, naye akafungua boneti, akasoma nambari zilizogongwa kwenye bati, akatambua ni duka gani la Kitale lililoliuza. Kazi yake aliifanya kwa makini, simlaumu kwa aliyoyapata. Namlaumu kwa pale aliposimama. Aliliuliza bati, akauliza karatasi, kisha akarudi zake Nairobi. Alipita Misikhu kwa gari, barabara kuu ile ile, na hakushusha hata kioo amuulize mama mmoja sokoni.

Duka lile la magari halipo tena. Jengo lipo, na leo wanauza magodoro. Wenyewe, familia ya Kihindi, walihama zamani. Msichana wa magodoro hakujua lolote, ila mwenye kiosk ya pembeni aliniambia kwamba aliyekuwa akiuza magari mle ndani yu hai, anaitwa Stefano, na ana duka lake hapa hapa kwetu Kiminini, mbele ya stendi. Nekesa, mama, mtu huyo nimekuwa nikinunua kwake sabuni na chumvi miaka na miaka. Tumepokea meza ya Bwana pamoja.

Nilimkuta ameketi nje ya duka lake akisoma gazeti. Nilipomtajia mama mjane wa Misikhu aliyenunua Pijo, aliliweka gazeti chini, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka ujana wake.

"Yule mama wa maharagwe," akasema. "Pasta, yule alikuwa na kichwa ngumu. Kumbe ni mama yako?"

Alinisimulia bila haya yoyote. Alisema mama aliingia dukani na viatu mkononi kwa kuwa sakafu ilikuwa inang'aa na nje kulikuwa na matope. Yeye Stefano, kijana aliyevaa tai, akamwambia kliniki ya akina mama ni jengo la pili. Mama akamjibu kwamba haumwi, amekuja kununua gari, na kama hauzi gari amwite anayeuza. Alikuwa amekuja na Wanjala, aliyebaki mlangoni ameshika kofia. Yalipofika mambo ya kuandikishana, Stefano akamwita Wanjala aje aweke jina lake.

Nikamuuliza kwa nini.

"Tungeandikaje jina la mjane, Pasta? Kesho akirithiwa, gari inakuwa ya nani? Lazima kuwe na mwanamume wa hiyo boma."

Nikamuuliza sheria ipi ya nchi ilisema hivyo.

"Si sheria ya nchi. Ilikuwa sheria ya duka."

"Aliiandika nani?"

"Haikuwa imeandikwa," akasema, na akanitazama kama anayeona nimeuliza jambo la kitoto. "Ilikuwa tu hivyo."

Mwanangu, nimehubiri mazishini mwa watu waovu nikapata la kuwasemea. Pale mbele ya duka la chumvi sikupata neno. Sheria ambayo hakuna aliyeitunga, hakuna aliyeiandika, na hakuna aliyeiuliza, ilichukua kalamu ikafuta mtu, na aliyeishika kalamu hiyo amelala vizuri tangu siku ile. Hakuwa na chuki naye. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa na chuki ningejua pa kumshika.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema Wanjala aliikataa kalamu. Alirudisha mikono nyuma akasema, "Mimi ni dereva. Mwenye gari ni huyu." Wakabishana, wateja wengine wakaanza kugeuka kutazama, na ni mama mwenyewe aliyemaliza mabishano. Alimwambia shemeji yake aandike waondoke, mvua inakuja na maharagwe yake yako nje.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipita kando ya barabara, na sikumwona hata aliyenisalimu. Nilikuwa nimemhukumu mtu mwadilifu muda wote aliokuwa hai na muda wote tangu afe, kwa kesi ambayo sikuwahi kuisikiliza.

Juma lililofuata nikaenda Misikhu kwa Mama Rasoa. Unamjua, yule aliyekushikia kikapu cha mayai siku ya posa yako. Yeye na nyanya yako walifanya biashara pamoja. Nilitaka kusikia upande wa pili wa habari, maana muuzaji anaweza kujipamba. Mama Rasoa hakuhitaji kufikiri. Alisema gari lile watu wa sokoni waliliita Nekesa. Hawakusema Pijo imefika, walisema Nekesa amefika. Wanjala akiwa usukani, wapita njia wasiomjua walikuwa wakimsifu kwa gari zuri, naye alikuwa akionyesha nyuma kwa kidole gumba na kusema, "Muulizeni mwenyewe, huyo hapo kati ya magunia." Wengi walidhani anatania. Mama Rasoa akataja wanawake waliokimbizwa hospitali ya misheni wakiwa na uchungu wa kujifungua, mmoja ambaye hakufika na mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma karibu na daraja. Mtoto huyo ni mwalimu mkuu leo.

"Wanataka kusema ilikuwa ya Wanjala?" akaniuliza. "Wanjala akifufuka leo atawachapa."

Kisha akanitazama kwa namna ambayo mama zetu hututazama wanapoamua kama tumekua vya kutosha kuambiwa. Akasema, "Lakini wewe pia, Pasta. Siku ya kunyolewa ulikuwa wapi?"

Sasa nikueleze siku hiyo, kwa kuwa ndipo gari lilipoondoka mikononi mwa nyanya yako, na wewe umelelewa katika nyumba ambayo haikukueleza desturi hii ipasavyo.

Kwetu, mtu akishazikwa, waliofiwa hukutana tena baada ya siku chache wanyolewe nywele. Siku hiyo mzee wa ukoo husimama akauliza mbele ya wote: nani alikuwa anamdai marehemu, nani alikuwa anadaiwa naye, na mali ya nani iko katika boma hili? Kila mwenye neno husimama akalisema, na walio pale huwa ndio mashahidi. Kinachosemwa siku hiyo hakibishaniwi baadaye, na asiyesema hahesabiwi. Ni mahakama, mama. Haina jengo wala koti jeusi, lakini imewatendea watu wetu haki katika mashauri mengi ambayo korti za mjini zimeyachelewesha hadi wenye kesi wakafa.

Wanjala alipofariki, gari lilikuwa limeegeshwa bomani kwake, kama lilivyoegeshwa kila siku alipomaliza kazi. Nilikuwa nimetoka tu chuo cha Biblia, na kola yangu ilikuwa bado ngumu. Tulifundishwa kule kwamba siku ya kunyolewa ni giza, kwa kuwa pombe ya busaa hupikwa na wafu hutajwa. Mama alikuja kwangu asubuhi akanieleza kwamba ni lazima mwanamume wa nyumba yake asimame kulitaja gari. Yeye alikuwa amekataa kurithiwa na ndugu wa mume alipofiwa na baba yangu, kwa sababu ya imani yake, na wazee wa ukoo hawakuwa wamemsamehe. Kama angesimama mwenyewe wangemwambia aliyemkataa mume hana wa kumsemea. Aliniomba nije nisimame kwa muda tu wa kusema maneno mawili, kisha niondoke. Nikamwambia mtumishi wa Mungu haketi barazani pa pombe. Nikampa na mafungu ya Maandiko ya kwenda kutafakari.

Alikwenda peke yake. Mama Rasoa alikuwapo, naye ndiye aliyenieleza, mwezi uliopita, mambo ambayo mama yangu hakunieleza hadi akafa. Mzee aliuliza kama kuna mali ya mtu mwingine bomani. Mama alisimama. Mzee akamwambia aketi, amlete mwanawe. Mzee akarudia swali akiwatazama wanaume. Hakuna aliyesimama, kwa kuwa aliyepaswa kusimama alikuwa kwenye kipindi cha maombi, akiomba, kama nakumbuka vizuri, kwa ajili ya wajane. Gari likahesabiwa la Wanjala, na Barasa akalirithi.

Jioni ile mama alipita kwangu. Hakulia wala hakunilaumu. Nilianza kumfariji kwa neno la Mungu, akanikatiza.

"Wewe leo ulikuwa na Mungu, mwanangu. Mimi nilikuwa peke yangu."

Alirudi sokoni. Maharagwe aliyapeleka kwa baiskeli za kukodi hadi magoti yalipomkataza. Barasa alilitumia gari hadi likachoka, akaliweka juu ya mawe katika banda huko Kitale, na kuku wakataga ndani yake kwa miaka. Mama aliwahi kunituma nimwombe alirudishe hata likiwa vile. Barasa akasema ni chuma chakavu, na mtu hasumbuki kwa chuma chakavu. Leo chuma hicho ni fahari ya ukoo, na kina kibao.

Utasema, baba, mbona hasira yako ni kwa Barasa na kosa lilikuwa lako? Nimelipima hilo nikiwa nimepiga magoti. Kosa langu naliungama na nimeliungama mbele ya wazee wa kanisa. Lakini kuna tofauti kati ya mtu aliyenyamaza bila kujua anachokipoteza na mtu anayeambiwa ukweli mbele ya macho yake, na mashahidi wakiwa hai, kisha akaamua kuukanyaga kwa sababu uongo una sura nzuri zaidi. Nami nilimwambia. Nilikwenda dukani kwake Kitale, kati ya misumari na mabati, nikamweleza yote ya Stefano na ya Mama Rasoa. Sikumwomba gari. Nisikilize vizuri hapo: sikuomba gari, wala fidia, wala kitabu cha gari kibadilishwe. Niliomba kibao kibanduliwe, ama kiongezwe jina la mama yangu juu ya lile la baba yake.

"Braza," akasema, "kitabu kinasema nini?"

Nikasema kinasema Wanjala.

"Basi si imekwisha? Kwani mama alikuwa anaendesha? Si alikuwa anakaa tu nyuma na magunia bana."

Nikamwambia hata askofu huketi nyuma, na hakuna anayesema gari ni la dereva. Wafanyakazi wake wakacheka, naye hakupenda. Ndipo akaniambia ukweli wake. Watu wanaopenda magari ya kale, alisema, watakuja kulitazama, na historia ya gari ni sehemu ya thamani yake. Wanataka kusikia mkulima mkubwa, mzee wa heshima. "Nikiwaambia ati ilikuwa ya mama wa kuuza maharagwe, itasikikaje?"

Itasikikaje. Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku ile. Mwanamke asiyesoma, aliyefiwa akiwa kijana, akakataa kugawiwa kama ng'ombe, akauza maharagwe kwenye matope ya Kitale hadi akaingia duka lenye sakafu ya kung'aa na kununua gari jipya: hiyo ndiyo historia ambayo haifai kusikika. Na mkulima mashuhuri ambaye hakuwahi kuwapo ndiye anayefaa. Wametafuta nambari za bati kwa darubini, wametafuta rangi ile ile ya kwanza kutoka nchi za nje, wamehakikisha hata skrubu ni za asili, ili gari liwe la kweli kabisa kutoka taa hadi taa. Kitu kimoja tu hawakujali kama ni cha kweli, nacho ni mtu.

Wala si nyanya yako peke yake anayeibiwa. Wanjala pia anaibiwa. Alikuwa na heshima yake, tena kubwa: alikuwa dereva mwaminifu aliyeikataa kalamu mbele ya watu. Mwanawe amemvua hiyo akamvisha uongo ambao yeye mwenyewe aliukataa mikono ikiwa nyuma.

Leo mchana Barasa alipiga simu kuuliza saa ya kuleta gari. Nikamwambia alilete wakati wowote, bila kile kibao.

"Unaharibu harusi ya mtoto kwa sababu ya kibao?"

"Kinabanduliwa kwa bisibisi," nikasema.

"Siwezi kubandua jina la baba yangu, braza."

Hapo, mama, niliisikia sauti yake ikibadilika, na nilijua kwamba mtu anayesema hivyo hasemi tena habari za thamani ya gari. Anamlilia baba yake, kama mimi ninavyomlilia mama yangu. Nilikaribia kumwachia. Lakini nikakumbuka kwamba nimekwisha kunyamaza mara moja kwa sababu nzuri, na kunyamaza huko ndiko kulikotufikisha hapa. Nikamwambia kwa upole nilioweza kuupata kwamba baba yake ninamheshimu leo kuliko siku zote, na asilete gari.

Mafundisho niliyo nayo kutokana na haya si mengi, nami sitayapamba. Ukoo wa Simiyu ukikaa siku ya kunyolewa, nenda. Usinywe wanachokunywa, usifanye usichokiamini, lakini uwepo, uketi, usikie kinachoulizwa. Mungu hakuogopa kuingia nyumba za watu. Sijui ni nani alitufundisha kumwogopea. Na siku utakayonunua kitu kwa jasho lako, hata kikiwa cherehani, na mtu akakuuliza kwa wema kabisa ni jina la nani aandike, usiseme mvua inakuja. Acha mvua inyeshe. Simiyu ni kijana mzuri na nadhani atakushikia mwavuli. Na ukimshuku mtu, mwulize akiwa hai.

Sasa linabaki la kesho. Nimelikataa gari kwa niaba ya mama yangu, kwa kuwa deni hilo lilikuwa langu. Sikuwa na haki ya kulikataa kwa niaba yako. Harusi ni yako, na mimi nimeona vizuri jinsi macho yako yalivyong'aa. Kanisa haliko mbali. Mama Rasoa amesikia habari, nayo habari ikitoka hapa hufika Misikhu kabla ya simu. Amesema yeye na wenzake watakuja asubuhi, na bibi harusi akitoka kwa miguu watamwimbia njia nzima. Ukikubali hivyo, nitakushika mkono kutoka mlango huu hadi madhabahuni, na anayeuliza kwa nini mtoto wa Pasta hana gari nitasimama nimjibu, hata kama ibada itachelewa.

Lakini ukiamka na kuona moyo wako bado unalitaka Pijo, niambie. Nitampigia Barasa mwenyewe, nitamwomba radhi, na sitakuwekea kinyongo, maana gari hilo ni la nyanya yako, na wewe ndiwe mwenye jina lake. Hakuna aliye na haki zaidi ya kuketi kile kiti cha nyuma. Litakuja na kibao chake. Nami nitakufungulia mlango, na kabla dereva hajawasha injini nitasema mbele ya wakwe, mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya Barasa, maneno mawili niliyoombwa kuyasema nikiwa kijana: gari hili ni la Nekesa.

Bwana akubariki unapotoka katika nyumba hii na akubariki unapoingia katika ile. Aibariki nyumba yako na Simiyu, meza yenu isikose mgeni na mgeni asikose heshima. Akupe watoto watakaokusikia ukiwa bado unaongea. Awape raha nyanya yako Nekesa na baba yangu mdogo Wanjala, kila mmoja kwa jina lake. Amina.

Ni mimi baba yako.